Kuitua Trela

Jumanne, Igombe, saa moja kasoro,
kabla jua halijawasha mabati ya mwalo,
nilifika na jeki mbili: moja yangu,
moja ya kuazima kwa Bugingo wa lori,
inayovuja mafuta na kushuka taratibu
kama mtu anayesinzia ibadani.

Boti ilikuwa juu, mita saba za mvule,
rangi mpya, na jina limeandikwa kwa madaha,
*Nyanjige*, ubavu wa kulia na wa kushoto.
Trela ilikuwa chini. Haina jina.
Ina kibao cha namba kilichofungwa kwa waya.

Kutu ilikuwa imeila chesisi kutoka ndani.
Watu husema ziwa letu halina chumvi.
Kweli. Lakini kutu haikuuliza chumvi,
ilitaka maji tu, na miaka kumi na miwili
ya kuzamishwa hadi kwenye beringi
kila boti iliposhuka, kila ilipopanda,
kisha kuachwa mchangani bila hata kupanguswa.

"Ishusheni majini, ielee yenyewe,"
alisema mwenye boti kwenye simu, yuko Nansio.
Hakuyaona magugumaji yalivyofunga ufuko
kutoka jiwe hadi jiwe,
wala gurudumu la kushoto, ambalo
halijazunguka tangu Pasaka.
Basi, nchi kavu.

"Tuko Usukumani," Masalu akacheka, "tusukume!"
Nikamwambia leo hakuna kusukuma.
Leo ni kunyanyua unywele, kutia kabari,
kunyanyua unywele mwingine.

Tukaanza tezini.
Ubao chini ya jeki, maana mchanga humeza.
Tairi za lori, magunia, gogo la mkaratusi
likapita chini ya mkuku kama mto wa mgonjwa.
Kisha omo. Kisha tena tezi.
Na palepale, kabla hatujaona mwanga
kati ya mbao na chuma,
springi za trela zilipanda,
polepole, zikilia kidogo,
na mimi, sijui kwa nini, nikashika shingo yangu.

Mama alikuwa akinitwika ndoo, nikinung'unika
husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Miaka kumi na miwili ya usufi, mama.

Kutoka, haikutaka.
Wanawake wa dagaa wakaacha vyandarua vyao, wakashika kamba.
Inchi. Inchi. "Simama!"
Hamisha gogo. Inchi.
Jeki ya Bugingo ikasinzia kabisa,
boti ikainama, mbao zikaguna,
watu tisa tukawa na pumzi moja
mpaka kabari, kipande cha mlango wa zamani wa choo,
ikasema hapana.
Hakuna aliyecheka hadi saa nne.

Trela tupu ni nyembamba mpaka unaona aibu,
kama kumkuta mtu mzima anaoga.
Nikaigonga kwa nyundo, nyundo ikazama.
Ukamwagika mchanga, makombe ya konokono,
mfupa wa samaki mdogo aliyeingia akanenepa
akashindwa kutoka.

Halafu, kwenye shingo ya kuvutia, upande wa chini
ambao hakuna anayeutazama, niliuona mshono:
mpana mwanzoni, mwembamba mwishoni,
mshono wa mtu anayebania fimbo za kuchomelea.
Fundi Magafu. Aliyenipa miwani yake myeusi
watu walipomwambia msichana atapofuka.
Sikujua kwamba hii pia ni yake.
Kila kitu kimeoza kuuzunguka. Wenyewe, mzima.
Nitaukata? Chuma cha jirani yake hakitashika kitu.
Nikauchora duara kwa chaki, nikaenda kunywa maji.

Mchana, boti imekaa juu ya tairi,
fupi kuliko tulivyodhani,
watoto wawili tayari wako ndani wanaendesha.
Simu ikaita kutoka Nansio.
"Boti iko salama?"
Iko salama, nikasema.
Hakuuliza kingine. Nikachukua grainda.