Kiti cha Ishirini na Tano

Tuna kompyuta thelathini na mbili,
leseni ishirini na tano.
Hesabu hiyo ndiyo kazi yangu,
ndiyo maana wanafunzi, nikipita vichochoroni Langoni,
hunong'onezana: Bi Leseni huyo.

Leseni zetu hazikai kwenye mashine.
Zinakaa kwenye seva, kabati la chuma nyuma ya mlango,
lenye feni mbili na kifuko cha mchele cha kunyonya unyevu.
Anayewahi huchukua, anayemaliza hurudisha.
Wa ishirini na sita huambiwa: ngoja.
Basi husimama nyuma ya mwenzake, mikono kiunoni,
akimhesabia mistari ya ngazi anayochora.

Mwezi wa Rajabu likaja toleo jipya.
Barua ya Nairobi ilisema: hakikisha viti vyote vimerudi,
zima seva ya zamani, kisha pandisha.
Nikahesabu. Ishirini na nne.
Nikarudia, kama aliyedondosha pete kisimani.
Ishirini na nne.

Kwenye daftari la seva, jina moja:
shekue, mashine ya safari, ameazima,
siku mia na themanini.

Maalimu Shekue alikwenda nacho Faza
kupima gati linalomegwa na maji,
maana Faza mtandao huja ukipenda.
Akakaa mwezi mzima, akarudi na homa.
Tulimzika Ijumaa, baada ya alasiri,
na seva hakuna aliyeiambia.

Nikaenda kwa mkewe, Bi Zeyana, yumo edani.
"Leseni?" akasema. "Ya nini? Amu gari hakuna.
Hata punda wake hakumuandikisha."
Tukacheka,
kisha tukaona cheko limezidi chumba, tukanyamaza.

Akaitoa mashine sandukuni, imefungwa kwa leso,
kwenye mikunjo punje za karafuu za kufukuza mende.
Nikaiwasha. Mchoro ukafunguka pale ulipoachwa:
gati la Faza, ngazi kumi na moja,
ya kumi na mbili nusu, mstari umeishia hewani,
na kando, kwa herufi ndogo:
hapa maji huja kabla ya saa yake.

Kitufe kilikuwa kimoja tu. Rudisha.
"Ukikibonyeza," Bi Zeyana akauliza,
"atakuwa ameondoka na huko pia?"
Mafunzo yetu hayakufika hapo.
Nikasema, kitarudi chenyewe siku zake zikitimia.
"Kumbe nacho kina eda," akasema. "Kiache kimalize."

Nikaiandikia Nairobi: kimoja kiko safarini.
Wakauliza kitarudi lini. Nikawapa tarehe.

Siku kumi na tisa. Wanafunzi wakanuna.
Famau akachora paa la zoezi lake kwa rula na penseli,
akagundua ana mkono mzuri,
akakasirika zaidi.

Usiku wenyewe nililala maabara.
Saa sita na dakika moja,
hakuna mlio, hakuna taa iliyopepesa,
tarakimu tu: nne ikawa tano.
Nikasema karibu, kwa sauti,
mlango ukiwa umefungwa.

Kisha kazi.
Ya tatu ikakataa, chumvi imeila kadi.
Ya kumi na nne ikadai nywila ya mtu aliyehamia Hola.
Ya ishirini ikakwama asilimia tisini na tisa
mpaka adhana ya alfajiri, ikamaliza nayo.
Sisemi kitu, naripoti tu.

Mchoro wa gati nimeuweka nakala mbili.
Moja imepandishwa toleo jipya, haiwezi kurudi nyuma;
Famau anaimalizia ngazi ya kumi na mbili.
Nyingine imo kwenye mashine ya leso,
ambayo bila leseni haitaifungua tena.

Mashine hiyo sikuitia hesabuni.
Thelathini na mbili, nimeandika.
Vyote vimerudi.