Ila

Theluji imeziba dirisha la jikoni mpaka nusu,
jua linachungulia kwa utosi tu, kama jirani mdaku.
Balz amekaa kwenye benchi la kona,
soksi zake zinakauka juu ya jiko la vigae,
anasubiri chakula asichoweza kukionja.

Tangu homa ile ya Novemba pua yake imefunga duka.
Kahawa ni maji moto. Waridi na soksi, kwake mamoja.
Daktari wa Altdorf alisema: itarudi. Hakusema lini.
Ladha si basi la posta, lile la njano,
kwamba utaliona kwenye kona saa sita na dakika nne.

Leo napika makaroni ya wachungaji,
wale wanaopanda malishoni Juni na ng'ombe na sufuria moja,
wakashuka Septemba wakinuka moshi.
Chakula chao kilikuwa kile kilichokauka, kilichokamuliwa,
kile ambacho mgongo ulikubali kukibeba.

Mimi ni wa Uri. Kwetu viazi havitii mguu katika sufuria hii.
Yeye ni wa Obwalden, ng'ambo ya mlima,
na kwao makaroni bila viazi ni harusi bila bwana harusi.
Miaka thelathini na minane tumevutana hivyo,
kila mwamba ngoma na upande wake,
lakini mwiko ulikuwa mkononi mwangu.
Akawa anakula, anafuta masharubu, anakohoa kidogo:
"Tamu, Kreszentia. Ila…"

Hiyo "ila" ndiyo ndoa yetu.

Tangu Novemba hajaitamka.
Anamaliza sahani, anasema asante
kama mgonjwa anavyomwambia muuguzi,
na mimi naosha vyombo kwa kelele kuliko inavyohitajika.

Basi leo nimemenya viazi. Viwili, vidogo,
mgongo wangu kama pazia,
maganda nimeyafunika kwa gazeti la jana.
Mama yangu angeniona!
Nimevitanguliza majini, makaroni yakafuata,
chumvi konzi moja na robo, robo ni ya ubishi.

Kitunguu kinaingia kwenye siagi.
"Nasikia," anasema Balz.

Mwiko unaganda hewani. Moyo nao.
"Unasikia nini? Harufu?"
"Sauti," anasema. "Kama mvua juu ya paa la mabati kule Melchsee."
Sawa. Mvua. Nageuza vitunguu, viwe vya rangi ya tandiko kuukuu,
vingine vinaungua kidogo pembeni, na viungue.

Sasa jibini la shemeji Meinrad,
la kiangazi kabla ya kilichopita, gumu kama yeye mwenyewe.
Nalikuna mpaka vidole vinalalamika.
Tabaka la makaroni, tabaka la jibini, tena, tena,
malai ya moto juu, kungumanga kwa ncha ya kisu,
vitunguu mwisho kabisa. Nikiinua mwiko
nyuzi za jibini zinakataa kuagana na bakuli.

Na pembeni, baridi, rojo la matofaa.
Wageni hukunja uso: tamu na chumvi meza moja?
Siwajibu. Nawasogezea kijiko.

Balz anakula. Tonge la kwanza, hakuna kitu.
La pili, anaangalia theluji.
La tatu, taya zinasimama.
Meno yake yamekutana na kitu
ambacho si makaroni wala jibini,
laini, kinachovunjika bila kelele.
Ulimi ukisahau, meno yanakumbuka.

"Kreszentia. Hiki ni nini?"
"Kula."

Anatafuna polepole, macho ameyafumba,
anakipeleka shavu hili, anakirudisha lile,
kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yao gizani.

"Kiazi," anasema.

Naangalia sufuria. Sufuria haina la kusema.
Anafuta masharubu. Anakohoa kidogo.

"Ila ungekikata vipande vidogo zaidi."

Nimemwongezea sahani nzima.