Nukta

Nilipojiunga na darasa la takwimu za afya
shangazi Moraa aliuliza: utakuwa daktari?
Nikamwambia hapana, nitahesabu wagonjwa.
Akacheka hadi akaweka sufuria chini.
"Kwani karani wa hospitali hawezi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nusu ya karo,
kompyuta ya mtumba isiyowaka bila waya,
na chumba Kenyatta Market, juu ya wachoma nyama,
moshi ukipanda hadi vitabuni
hata sura ya uwezekano ikanukia mbavu.

Jioni ya kwanza Dakta Guracha alichora kengele ubaoni.
"Hii hailii," akasema. "Ninyi ndio mtakaoiliza,
au mtalala nayo."
Kisha akauliza wahenga walisema nini
kuhusu asiyekuwapo.
Tukaitikia kama chekechea: na lake halipo!
"Wahenga," akapangusa chaki kwenye suruali,
"hawakufanya mtihani wangu."

Data ya zoezi ilitoka Mukuru:
watoto mia tatu na kumi na wawili, uzito wa kila mwezi,
jina hakuna,
namba tu, kama tikiti za kungojea daktari.
Mstari wa 214: msichana, miezi kumi na minne,
kilo sabini na mbili.

Nilicheka peke yangu, saa sita usiku.
Mtoto mzito kuliko mimi!
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.
Nani angelalamika? Mstari mmoja, na wastani utulie.
Lakini palikuwa na simu ya aliyepima,
Bi. Syombua, mhudumu wa afya ya jamii,
na kulipokucha nikampigia.

"Ngoja nivae miwani." Nikasikia kurasa zikifunuliwa.
"Saba nukta mbili. Siku hiyo ilinyesha,
daftari likalowa, nukta ikaenda na maji.
Huyo ni wa Nafuna, mlango wa buluu
karibu na daraja. Nilipomning'iniza
aliuma kamba ya mizani, akakataa kuiachia."

Nikairudisha nukta mahali pake.
Ndogo kuliko punje ya wimbi,
na nyuma yake mtoto, na meno yake mawili.

Mwezi uliofuata mstari wake ulikuwa mtupu.
Na uliofuata. Nikapiga tena.
"Walibomolewa," akasema Bi. Syombua,
"wote wa upande wa mto. Tingatinga lilikuja alfajiri.
Wengine Njiru, wengine Kitengela, wengine sijui.
Nilibeba mizani yangu nikazunguka siku mbili,
nikapima hewa."

Basi nikaitazama upya chati yangu,
ile niliyojivunia, mstari ukipanda kwa madaha,
uzito wa watoto wa Mukuru ukiongezeka tangu Machi.
Haukuongezeka.
Waliokonda walihama, wastani ukanenepa.

Sikulia; mimi si mtu wa kulia mbele ya jedwali.
Nilichemsha chai ya rangi, nikahesabu mashimo:
arobaini na saba,
thelathini na tisa kati yao kando ya mto.
Kumbe shimo nalo lina umbo.
Shimo nalo lina anwani.

Ripoti niliyowasilisha ilikuwa na mistari miwili,
mmoja wa waliopo,
mmoja wa nukta nukta, wa ambao hatukuwaona,
ukishuka, pengine, baina ya hapa na hapa.
Guracha akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Makadirio haya umeyatoa wapi?
Ukurasa wa tatu sijauelewa.
Akanipa sitini na nane.

Wiki hii shangazi ameuliza tena nahesabu nini.
Nikamwambia: wasiokuwapo.
Akanyamaza, akanimegea ugali,
kisha akataka kujua
kazi hiyo inalipa kiasi gani.