Meza ya Kumi na Nne

Februari, Winnipeg. Kila buti lililoingia mchana
limeleta chumvi ya barabarani, likaiacha mlangoni
kama ramani nyeupe ya nchi isiyo na watu.
Hiyo hainitishi. Siki kidogo, maji ya vuguvugu,
chumvi huondoka bila kuaga.

Ghorofa ya tisa ndiyo yenye maneno.
Zulia la kijivu, la vipande vipande,
lililochaguliwa na mtu aliyedhani kijivu huficha.
Kijivu hakifichi. Kijivu hunyamaza tu
mpaka uinamishe taa.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Mimi, Divina Macaraeg, hulipwa kuyazoa,
saa nne usiku hadi kumi alfajiri.
Watu wa bima siwajui sura. Nawajua madoa:
wa meza ya tatu hula supu ya nyanya huku anaongea na simu;
wa dirishani hudondosha chingamu,
nami huigandisha kwa barafu mpaka ivunjike kama kigae;
chumba cha mikutano, wino mwekundu,
siku ile walipopunguza wafanyakazi.

Na meza ya kumi na nne: kahawa.
Kahawa juu ya kahawa, upande wa kulia,
duara jeusi la ukubwa wa sahani,
miaka kumi na moja ya mkono unaotetemeka.

Nilianza kwa pupa ya mgeni. Nikasugua.
Orest Hnatiuk, msimamizi, akanishika kiwiko:
"Ukisugua unalifundisha doa kuogelea.
Bonyeza. Inua. Bonyeza.
Anzia ukingoni uende katikati,
maana doa nalo lina tamaa ya shamba."

Taulo la kwanza likatoka la kahawia,
la pili rangi ya chai, la tatu rangi ya chai ya maskini.
Kisha ile mashine anayoiita Zirka,
jina la ng'ombe wa bibi yake,
ikanywa, ikakoroma, ikanywa tena.
Alfajiri nikaenda kulala nikijiona fundi.

Usiku uliofuata doa lilikuwa limerudi.
Lilelile, palepale,
limekaa kama mwenye nyumba.

"Lilikuwa chini," akasema Orest, "mgongoni mwa zulia.
Unyevu ukipanda kukauka, nalo hupanda.
Jana uliliosha uso."

Jumatatu nikakuta karatasi mezani:
*Na. 14. Doa litoke kabla ya Ijumaa. Anakuja mtu mpya.*
Kikombe hakipo. Kalenda ya Aisilandi haipo.
Jina Thorvaldson limebanduliwa kwenye kizuizi,
gundi yake imebaki, inanasa vumbi.
Sikuuliza ameenda wapi. Wa kuulizwa wote ni wa mchana.

Maji kidogo safari hii, siki, kisha kusuuza,
kwa kuwa sabuni iliyosahauliwa huita uchafu mwingine.
Taulo nene nikalikunja, nikalilaza juu ya doa,
na juu ya taulo maboksi mawili ya mafaili ya madai,
yalale hapo usiku kucha:
likitaka kupanda, lipande kwenye taulo.
Siku tatu.
Ya tatu taulo likainuka jeupe.

Nikainamisha taa nihakikishe, nikaona, chini ya meza,
vishimo viwili vya kina cha ukucha.
Visigino.
Nikapiga brashi. Nyuzi hazikusimama.
Nikapiga povu. Nikapiga brashi.

"Acha," Orest akasema mlangoni, koti tayari mwilini.
"Uchafu hutoka. Hapo pamelika."

Fomu ina visanduku viwili, *Limetoka* na *Halijatoka*.
Nikatia alama cha kwanza, ni kweli,
kisha nikakaa kidogo kwenye kiti chake.
Miguu yangu mifupi. Haikufika kwenye vishimo.

Dirishani, chingamu nyingine.
Nikaenda kutafuta barafu.