Daftari la Argyro

Dukani kwa Argyro, mjini Volos, hakuna asemaye deni.
Husema: niandikie.
Mkate, jibini robo, sigara za mzee Apostolis,
niandikie,
na kalamu iliyofungwa kwa uzi inainama
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya meza.

Kwenye runinga juu ya friji
waziri hasemi niandikie.
Husema majukumu, husema tufunge mikanda,
husema sisi.
“Sisi nani?” anauliza Apostolis. “Mimi nilivuta sigara tu.”

Mtangazaji akagawanya: kila kichwa, euro elfu thelathini na ushei.
Binti wa Fotini ana siku tisa.
Tukamchungulia blanketini:
hana hata jino, tayari amekula cha watu.

Dawa ya deni kulipa, ndiyo,
ila pensheni imepunguzwa mara ya tatu
na hela ya dawa ya presha imo daftarini.

Jana Argyro alitoka kumwagilia mrehani.
Nikafunua, nitafute jina langu.
Nikakuta lake, ukurasa wa mwisho:
*Mimi, kwa Apostolis. Kubeba jeneza la mume wangu. Ngazi nne, mvua.*
Safu ya bei ameiacha wazi.

Aliporudi nikachukua mkate.
Niandikie, nikasema, kwa sauti ndogo.