Siku ya Ishirini na Nane

Za mwizi ni arobaini,
za zege ni ishirini na nane.
Hilo Wakooli alinifundisha kabla ya kunionyesha choo kilipo,
siku niliyoripoti kazini ukingoni mwa Mpologoma,
buti za kuazima zikinipwaya.

Mpologoma, kwa lugha ya huku, ni simba.
Usitarajie ngurumo.
Huyu hulala ndani ya mafunjo, maji yake meusi kama chai ya jana,
na mvua za Aprili zikija anakula barabara kimyakimya,
tuta kwa tuta,
hadi lori la mchele linabaki upande wa Wagwere
likiitazama Busoga
kama mkwe aliyefungiwa mlango.

Mtambo ulitoboa mita thelathini na mbili kutafuta mwamba.
Mita ya kwanza ulitoa kamongo, mzima, kakunjamana topeni.
Vijana walimla mchana ule ule.

Wengine walijenga daraja. Mimi nilitengeneza michemraba.
Zege likimwagwa nguzoni, nakinga toroli,
najaza vibati sita vya chuma, nagongagonga hewa itoke;
kesho yake naivua, naiandika kwa rangi nyekundu
nguzo gani, tarehe gani,
naizamisha tangini kama mihogo ya kulowekwa.

Uji ni ule ule, saruji ile ile ya Tororo.
Mwingine unapanda juu, unaitwa daraja.
Huu umezaliwa uvunjwe
ili ule mwingine uaminiwe.

Siku ya saba, mitatu.
Siku ya ishirini na nane, mitatu.
Mashine inabana. Mshale unapanda.
Ndani ya kontena hakuna anayekohoa.
Kisha, pa!

Nguzo ya tatu: thelathini na moja.
Tulitaka arobaini.
Wa pili: thelathini.
Wa tatu niliuombea, sifichi. Thelathini na mbili.

(Baadaye dereva alikiri. Jua lilikuwa kali,
zege likakaza njiani, akaliongezea maji
jerikeni mbili, liteleze.)

Bwana Okurut wa ratiba akavuta kiti,
akaketi karibu kuliko ilivyohitajika.
"Dada Kagoya, tatu na nne ni majirani.
Mmoja akimtembelea mwenzake, nani atauliza?"

Ningependa kusema niliwafikiria watoto wa shule,
mama mjamzito ndani ya gari la hospitali, usiku, mvua.
Sikumfikiria mtu.
Niliutazama ule mchemraba uliopasuka, kokoto zake zikiwa nje
safi, kama meno,
nikaona haya kuuandikia uongo mbele yake.
Thelathini na moja, nikaandika. Mkono ulitetemeka;
moja yenyewe imepinda hadi leo kwenye daftari.

Wakooli alisoma akiwa amesimama.
Akavua kofia ya plastiki, akajikuna, akaivaa tena.
"Ivunjwe."

Wiki tatu za nyundo za umeme.
Vibarua arobaini walirudishwa makwao bila posho,
binamu yangu Mutwalibu mmoja wao.
Tukikutana sokoni hunipita
kama mtu anayepita kisiki.

Sasa malori yanavuka. Simba yuko chini, amelala,
au anahesabu.
Nguzo ya tatu huwezi kuitofautisha na ya pili, wala ya nne;
nimejaribu, nikiwa nimesimama pale chini kwenye matope
na shingo imenikatika.

Michemraba iliyovunjika haikutupwa.
Wanawake wa Kisiko waliichukua usiku, sikuwazuia.
Juzi nilipita kwa Naigaga, sufuria ya mchele ikitokota
juu ya mafiga matatu ya kijivu,
na kwenye moja, chini ya masizi,
mwandiko wangu mwekundu: N3.

Nikauliza, "Linastahimili?"
Akachochea kuni.
"Hili? Mwaka wa pili huu.
Kwani nani alisema ni bovu?"