Mzani wa Asali

Kinanda cha kwanza nilikiundia vitufe kumi na viwili,
nikakipaka rangi, nikakuletea Isevya, kifua mbele.
Ulibonyeza kimoja kwa ncha ya kidole.
Ukakibonyeza tena, kwa ngumi.
Sauti ileile.
"Mihayo," ukasema, "kitufe chako hakijui
kama nimeamka salama au nimefiwa."

Nilirudi na aibu yangu.
Siku tatu sikuwasha chuma cha kulehemu.

Siku ya nne nilikwenda stesheni kuchukua kifurushi.
Karani wa mizigo alikuwa akipima madumu ya asali ya Sikonge.
Namba nyekundu zilihangaika kabla ya kutulia,
ishirini, kumi na tisa nukta nane, ishirini tena,
na kuli alipoegemea ukingo, bila kukusudia,
mzani ukamhisi.
Kifurushi nikakisahau hapohapo.

Basi hiki cha pili hakina vitufe.
Kina moyo wa mzani mbovu, niliouziwa kwa bei ya soda mbili:
kipande cha chuma, urefu wa kidole,
kinachopinda kiasi ambacho jicho halioni.
Mwili wake ni mzinga wa gome la myombo,
bado unanukia nta.
Kinavuma hata usipokigusa.
Nilipigana na mvumo ule wiki nzima,
kisha nikaona, aa, nyumba ni ya nyuki.

Uliuliza, "Do iko wapi?"
Nikakujibu, leo sijui. Jaribu karibu na kiwiko.

Jumamosi, watu ishirini na mbili na mbwa wa mlinzi.
Kasanda alianza na ngoma, taratibu, akikupa njia,
Kigoma, Mwanza, Mpanda, chagua mwenyewe.
Hukuchagua.
Ulilaza mkono mzima juu ya gome
kama mtu anayempima mtoto homa,
na mimi ninayeujua kila waya humo ndani,
niliouunga kwa mate na bati,
sikujua sauti ile inatoka wapi.
Kasanda akaacha kupiga. Akasikiliza.

Nimeona kasoro, Nyamizi.
Ukiondoa mkono hakirudi sifuri.
Kinabaki na gramu kumi na moja
zisizo na mwenyewe.
Ni kazi ya dakika tano, mistari miwili ya programu.

Umesema niziache.